Paipu Iliyokunjwa

Jumamosi, Oktoba inaisha. Jua limetuchoma tangu asubuhi. Mawingu yanakuja juu ya mlima, yanatuchungulia, kisha yanaenda zake.

Nina hasira. Naliandika hilo mapema ili kesho nisije nikajidanganya kwamba nilikuwa nimechoka tu na joto. Kalamu imeshatoboa karatasi na bado sijasema lolote.

Nianze na pikapu. Ni kuukuu, rangi yake ya kijani imebaki kwenye milango tu, lakini ni yetu. Tuliinunua pamoja, mimi na mume wangu Mutua, kwa mshahara wangu wa ualimu na faida yake ya mbaazi. Katikati ya wiki yeye hubebea watu mizigo kutoka huku mlimani hadi soko la Tawa, mara nyingine hadi Matiliku. Jumamosi na wakati wa likizo nilikuwa naiendesha mimi. Nilifundishwa na baba yangu, aliyekuwa dereva wa lori la kutengeneza barabara, na nilikuwa na leseni wakati Mutua bado anasukuma baiskeli mlimani. Nayaandika haya kwa sababu kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiyasahau.

Jumatano Mutua alirudi nyumbani bila breki. Kwenye mteremko wa kuingia kwetu alikanyaga pedeli ikazama hadi chini. Akapita lango, akapita banda la mbuzi, na kilichomsimamisha ni ua wa mkonge. Alitoka humo na mikwaruzo usoni, sikio linatoka damu. Ilikuwa paipu ya breki ya nyuma. Kutu ilikuwa imeila mpaka ikapasuka.

Alhamisi, kuku hawajashuka, alikuwa ameshaondoka kwenda Machakos. Akarudi na paipu mpya za magurudumu yote, nati mpya, na mikebe ya mafuta ya breki. Akasema hataki mchezo tena na breki, anabadilisha zote, hata zile ambazo hazijapasuka. Nikampongeza. Kwa mdomo wangu huu nilimpongeza, nikamchinjia kuku.

Basi leo tukaipandisha pikapu kwa jeki, tukaiweka juu ya magogo chini ya kivuli cha jikoni. Mutua akatandika gunia chini ya gari akalala. Mimi nikawa nampa spana. Nitakuwa mkweli, nilikuwa nafurahi. Kazi hii naipenda. Napenda jinsi nati iliyoshikana na kutu inavyokataa, inakataa, halafu inalia kidogo na kukubali. Baba yangu alikuwa akiniacha nikae kando yake akifanya kazi hizi, na harufu ya mafuta ya breki ilinirudisha huko. Tulikuwa tunapiga hadithi na Mutua. Tulikuwa tunacheka.

Karibu saa sita mtu mmoja akamwita barabarani, anataka kujua kama Jumatatu pikapu itafanya kazi. Mutua akaenda. Nikaona nisikae bure, nikachukua spana nikaingia mimi chini, upande wa gurudumu la mbele la kushoto, nifungue paipu iliyokuwa imebaki.

Niliigusa kabla sijaiona. Kidole changu kilifuata paipu vizuri, halafu ikageuka, ikarudi nyuma, ikageuka tena, ikawa bapa. Mtu alikuwa ameikunja mara mbili na kuipondaponda kwa nyundo. Alama za meno ya koleo zilikuwa bado zinaonekana. Na kutu iliyokuwa kwenye mikunjo ilikuwa nzee kama kutu ya sehemu nyingine. Haikuwa kazi ya jana wala juzi.

Nilijua ni nini. Mtoto wa dereva hawezi kukosa kujua. Mafuta ya breki hupita kwenye paipu nyembamba hadi kila gurudumu. Paipu moja ikipasuka kwenye gari kuukuu kama letu, mafuta yote yanamwagika na hakuna gurudumu hata moja litakalofunga. Ukiwa na haraka na huna paipu nyingine, unaikunja hiyo iliyopasuka, unaiponda, mafuta hayapiti tena huko. Magurudumu matatu yanafunga. Lile la nne linaendelea kuzunguka tu. Na kama hilo la nne ni la mbele kushoto, kila ukikanyaga breki gari linavutwa kulia.

Kulia.

Nililala pale chini nikashindwa hata kutoka.

Niandike sasa juu ya Agosti. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa nashuka Tawa na magunia ya mbaazi, binti yetu Mwende amekaa kando yangu. Kwenye kona, mbuzi wakakatiza. Nikakanyaga breki. Pikapu ikaruka kulia, nikapigana na usukani nikashindwa, tukavuka barabara na kuingia mtaro wa upande wa pili. Mbuzi hawakuguswa. Mimi nilichubuka. Mwende alivunjika mkono juu ya kiwiko, na mpaka leo mkono huo haunyooki vizuri.

Na nilikuwa nimesema! Mwezi wa sita nilimwambia Mutua pikapu inavuta kulia nikifunga breki. Akaniambia mkono wangu wa kushoto ni mwepesi, nishike usukani kama mtu aliyekula. Nikamwambia tena baadaye. Akacheka, akasema wanawake hukanyaga breki kama wanaua nge. Nikacheka pia, na nikaanza kukanyaga polepole, nijaribu kuwa dereva mzuri.

Baada ya ajali alichukua ufunguo. Hakunigombeza hata kidogo. Alisema nipumzike kwanza, nisijilaumu, haya mambo hutokea. Alinipikia uji. Upole ule ndio unaoniuma leo kuliko kitu kingine chochote, afadhali angenipigia kelele. Mama yake akasimama kanisani Jumapili akaomba nikumbukwe kwa maombi, nipewe utulivu barabarani. Kanisa zima likainamisha vichwa. Mutua, kando yangu kwenye benchi, akainamisha chake pia, na walipomaliza kuniombea akasema amina.

Alisema amina. Nilimsikia.

Tangu Agosti Mwende hanishiki mkono tukivuka barabara. Hushika wa susu yake, mama yake Mutua. Nikimwita huja, nikimtuma huenda, ana adabu zake zote, lakini anakaa nami kama mtoto aliyeachwa kwa jirani. Wiki iliyopita nilimwuliza kama angependa siku moja nimpeleke Tawa kwa pikapu, tukanunue kitambaa. Aliangalia chini akasema atatembea. Ana miaka kumi. Kutoka kwetu hadi Tawa si karibu.

Nikamwamini mtoto. Nikasema ana haki. Nikaacha kabisa kuuliza habari za ufunguo.

Mutua aliporudi kutoka barabarani nilikuwa nimeshaifungua hiyo paipu, nimesimama nayo mkononi. Nikamwuliza ni nini. Akaiangalia kama anaiona mara ya kwanza.

"Hiyo ni jiwe," akasema. "Si unajua barabara ya huku."

"Jiwe halikunji paipu mara mbili, Baba Mwende. Na jiwe halina koleo."

Akakaa juu ya gurudumu la akiba. Akapangusa mikono, ambayo ilikuwa safi. Halafu akasema neno ambalo nimelisikia katika nyumba hii mpaka limenichosha.

"Ilikuwa ya muda tu."

Ya muda! Mlango wa choo chetu ni gunia, la muda, tangu Mwende hajazaliwa. Bawaba ya dirisha la chumbani ni waya, ya muda. Bati la jikoni limezuiwa na mawe, ya muda, na kila upepo wa Septemba tunalala tukisikiliza yakitembea. Mutua si mvivu. Ni mtu wa kuamka mapema. Lakini kitu kikishafanya kazi nusu, kwake kimepona. Mambo hayo nimeyavumilia kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuvunjika mkono kwa mlango wa choo.

Akaeleza. Ilikuwa mwezi wa tano, amebeba watu wa harusi kwenda Matiliku, paipu ikapasuka njiani, pale soko la Tawa. Watu wamevaa nguo zao, bi harusi anangojwa. Akaikunja, akaipiga nyundo, akaongeza mafuta, wakafika. Wote wakamsifu. Akaahidi kuitengeneza wiki ile. Halafu, anasema, akasahau.

"Na mwezi wa nane ulikumbuka?"

Akaigeuza spana mkononi.

"Nilikumbuka siku ile ile. Nilipoona alama za magurudumu barabarani. Lakini mama alikuwa ashaambia watu ni wewe. Na wewe mwenyewe ulikuwa unasema ni wewe. Sasa ningesema aje?"

Ningesema aje. Ndivyo alivyouliza, na aliuliza kweli, kama mtu anayetaka nimsaidie kupata jibu.

Nikamwuliza nani mwingine anajua. Akasema ni vijana wa sokoni tu, wale wapakiaji, maana walimwona akiziba. Hapo ndipo kichwa kilipopata moto. Sokoni Tawa pikapu yetu inaitwa Miguu Tatu. Ikitokea wanapiga kelele, "Miguu Tatu imefika!" Nilidhani wanatania uzee wake, mzee na mkongojo. Nililipenda hilo jina. Mwezi wa saba nilikuwa nawapungia mkono nikiwa kwenye usukani, na Mwende kando yangu anapunga pia, na wao wanacheka, wanajua, na hakuna hata mmoja aliyesogea dirishani kuniambia, mwalimu, hiyo gari yako haina breki upande wa mtoto.

Upande wa mtoto. Gurudumu lenyewe lilikuwa chini ya miguu yake.

Na baada ya yote hayo hakuitengeneza! Hili ndilo siwezi kulimeza. Mimi ningeelewa mtu mwenye aibu anayeenda kimyakimya kununua paipu moja, anaifunga gizani, anabaki na siri yake. Ningekasirika, lakini ningeelewa. Yeye aliendelea kuiendesha ilivyo, kwa sababu ameshazoea kuipunguza mwendo kwa gia badala ya breki. Mkono wa mtoto haukutosha kumpeleka Machakos. Kilichompeleka ni sikio lake.

Sikumpiga na ile paipu. Nilifikiria.

Nilimwambia aingie chini tumalize. Kazi ilikuwa imefika mahali pa kutoa hewa, na hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakaa kwenye kiti anapiga pedeli, mwingine yuko chini kwenye gurudumu anafungua kinati kidogo, hewa na mafuta vitoke, anafunga tena. Lazima mkubaliane. Ukiachia pedeli kabla mwenzako hajafunga, hewa inaingia tena na mmefanya kazi bure.

Kwa hiyo tuliongea, lakini maneno matatu tu. Yeye kutoka chini, "Pampu." Nikapiga pedeli. "Shika." Nikashika. "Achia." Nikaachia. Gurudumu la kwanza, la pili, la tatu. Jasho linanitoka, kiti kinachoma, sauti yake inatoka chini ya miguu yangu, ndogo, ya adabu.

Tulipofika gurudumu la mbele la kushoto niliachia kabla hajasema. Nilijua ninachofanya. Nikasikia akivuta pumzi. Akaanza upya. "Pampu." "Shika." Nikaachia tena. Akaanza upya tena. Mafuta ya breki yanachuruzika mkononi mwake mpaka kwapani, na yanawasha ngozi vibaya, najua. Alikuwa akingoja nimalize hasira yangu kwa pedeli. Sikuimaliza, lakini mafuta yalikuwa karibu kwisha kwenye mkebe, na hiyo ingekuwa safari nyingine ya Machakos. Nikafanya vizuri.

Pedeli ikawa ngumu, juu, imara. Sikuwa nimeisikia hivyo tangu mwanzo wa mwaka.

Tukaishusha. Alipokuwa ananawa mikono kwa sabuni na mchanga, nikapanda, nikawasha, nikaondoka. Hakuniita. Nilishuka mpaka ile kona. Pale nikaangalia mbele na nyuma, hakuna mtu, nikaongeza mwendo, nikakanyaga breki kwa mguu wote, kama naua nge.

Ikasimama. Imenyooka, upande wake wa barabara, vumbi likaipita likaenda mbele. Mikono yangu haikuwa imefanya chochote. Niliiachilia kwenye usukani, nikaiangalia, mikono yangu miwili ambayo nimeichukia tangu Agosti, na nikalia kwa sauti kubwa mpaka mtu mmoja aliyekuwa shambani akasimama na jembe lake kunitazama.

Niliporudi nilimwambia Mutua jambo moja tu. Atamwambia Mwende. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Nikisema mimi itakuwa ni mtu mzima anajitetea. Sitaki aniombe msamaha mimi, hilo tutaliangalia siku nyingine, au hatutaliangalia. Nataka mtoto wangu arudi kwangu.

Akasema sawa. Akasema atamwambia, tungoje tu wakati mzuri.

Nikatoa macho. Akaongeza, "Si sasa. Mama anakuja chai."

Na kweli mama mkwe akaja, na kibuyu cha maziwa ya mgando na furaha yake yote. Alikuwa ameshasikia kwa majirani kwamba mwanawe ametengeneza breki. Tukakaa sebuleni. Nikamimina chai. Akamshika Mutua bega.

"Mwanangu, Mungu akubariki. Umetengenezea bibi yako gari. Sasa hata Mama Mwende akiishika, hatutaogopa sana."

Mutua akaangalia ndani ya kikombe. Nikamngoja. Nilimngoja kabisa, nimeshika birika, chai inapoa. Ulikuwa wakati mzuri, hautakuja mzuri kuliko huo. Akapuliza chai na kunywa.

Mwende akaingia. Siku nzima alikuwa jikoni anachagua mbegu za kunde za kupanda mvua ikija, na pikapu ilikuwa hapo nje, ukuta mmoja tu katikati. Sijui kwa nini sikumfikiria. Bado alikuwa na ungo mkononi. Hakumtazama baba yake wala susu yake. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, jinsi ambavyo hajanitazama tangu Agosti, na akauliza kama mtoto anayeuliza swali la hesabu lisiloingia kichwani.

"Mama, kama ni baba alikunja paipu, mbona wewe ndio uliniomba msamaha?"

Nilimwomba, ndiyo. Hospitalini, akiwa analia. Na tena siku aliyotolewa plasta, nilipoona mkono umetoka umepinda. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya nyumba hii, mbele ya Mutua, na Mutua akaniinua.

"Paipu gani?" mama mkwe akauliza.

Mimi nilikuwa na jibu mdomoni, refu, lenye kila kitu, na nililitaka litoke. Nikaweka birika chini. Nikachukua ungo kwa Mwende, nikamkalisha kwenye kiti changu, kinachoangaliana na cha baba yake.

"Muulize yeye," nikasema. Nikaingia huku chumbani.

Bado wako sebuleni. Ukuta wetu ni mwembamba. Nasikia sauti ya Mutua, ya chini, inaanza, inakatika, inaanza tena. Mama mkwe ameuliza tena ni paipu gani, kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza, na sasa amenyamaza. Mwende sijamsikia hata mara moja.

Kesho tutaenda kanisani na nitaendesha mimi. Mwende akitaka atakaa mbele, akitaka atatembea, na mimi nitamfuata polepole nyuma yake njia yote.

Mutua ananiita. "Mama Mwende, kuja kidogo." Ameniita tena sasa hivi. Najua anataka nini. Amefika mahali pa amina na hajui apite wapi.

Sitaenda kumsaidia.